Charon: mwezi wa barafu wenye jina la mvushaji wa wafu

Mbali kabisa, nyuma ya sayari zote ambazo watoto wanafundishwa shuleni, kuna mwezi wa barafu unaoitwa Charon. Wengi wanalisoma «Karoni», na ndivyo tutakavyolisoma hapa. Mwezi huu unazunguka Pluto, na upana wake ni kilomita 1.212, yaani zaidi kidogo tu ya safari ya kutoka Baraka mpaka Dar es Salaam kama ungeweza kwenda kwa mstari ulionyooka, bila kona za barabara. Jina lake ni la mzee mmoja wa hadithi za Wagiriki wa zamani: mwenye boti aliyevusha roho za wafu kwenda kuzimu, na ambaye hakuvusha mtu bila nauli.

Kwetu huku Fizi mzee wa namna hiyo haitaji kuelezwa sana. Mtu wa Lulimba akitaka kwenda Uvira, Kalemie ao Kigoma, mara nyingi anashuka kwanza mpaka kando ya ziwa, na pale swali la kwanza ni boti iko wapi, la pili ni nauli ngapi. Na kila mtu amekwisha kuona mwenye kubaki ng'ambo hii kwa sababu pesa hazikutosha. Ndiyo maana tumeona vizuri kuanza na mzee mwenyewe, kisha tufike kwenye mwezi uliopewa jina lake.

Mzee wa boti

Homeri, mshairi wa zamani kuliko wote wa Wagiriki, hamtaji Charon hata mara moja. Anaingia katika hadithi baadaye. Picha zake zinaonekana kwenye vyungu vya udongo vya mji wa Athene vya karne ya 5 kabla ya Kristo: mwanaume mwenye ndevu, kofia ya kazi kichwani, nguo fupi ya mtu wa kazi, pondo mkononi, anangojea kando ya maji. Hana mabawa wala pembe, na mtu akimwona angesema ni mvuvi. Kazi yake ilikuwa kuvusha roho juu ya maji yanayotenga wazima na wafu. Wengine waliyaita mto Acheron, wengine mto Styx, wengine ziwa kubwa. Mto Acheron upo kweli, kaskazini-magharibi ya Ugiriki. Unashuka kutoka milimani mpaka baharini, na leo watalii wanaoga ndani yake.

Nauli ilikuwa sarafu moja ndogo iliyoitwa oboli. Oboli 6 zilifanya drakma 1, na drakma 1 ilikuwa karibu mshahara wa siku moja wa fundi wa Athene. Basi haikuwa nauli kali: ni kama kazi ya asubuhi tu. Watu waliokuwa na desturi hiyo walimwekea marehemu sarafu mdomoni kabla ya kumzika. Wachimbaji wa mambo ya kale wameyakuta makaburi yenye sarafu hizo, nyingine mdomoni, nyingine mkononi, lakini makaburi mengi hayana kitu. Haikuwa sheria kwa kila mtu.

Mwaka 405 kabla ya Kristo, mwandishi wa michezo ya kuchekesha, Aristophanes, alimleta Charon jukwaani mbele ya watu wote wa Athene. Katika mchezo ule unaoitwa «Vyura», nauli imekwisha kupanda: Charon anadai oboli 2. (Bei ya kuvuka maji kupanda bila maelezo ni jambo la zamani, kumbe.) Abiria ni mungu Dionizo, na Charon anamkalisha kwenye kasia apige mwenyewe. Lakini Dionizo ana mtumwa wake aliyebeba mizigo yote. Huyo Charon anamkataa. Mtumwa haingii botini, isipokuwa kama alipigana katika vita vya majini vya mwaka uliotangulia, ambamo Athene iliwapa uhuru watumwa waliokubali kupanda meli na kupigana. Huyu hakupigana. Basi anaambiwa azunguke ziwa kwa miguu, na mizigo yake mgongoni. Watu walicheka, lakini ndani ya kicheko kile kulikuwa mambo waliyoyajua vizuri: hata mbele ya kifo, kuna wanaopanda na kuna wanaozunguka kwa miguu.

Habari nzito zaidi imeandikwa na Mroma, Virgili, aliyekufa mwaka 19 kabla ya Kristo. Yeye anasema Charon havushi kila roho. Anavusha wale waliozikwa tu. Wasiozikwa wanabaki kando ya maji, wanainua mikono kuelekea ng'ambo, na wanatangatanga pale miaka 100 kabla ya kukubaliwa. Katika kundi hilo yumo Palinuro, nahodha aliyeanguka majini usiku na usukani mkononi. Aliogelea siku kadhaa, akafika nchi kavu, na watu wa pale wakamuua. Mwili wake unasukumwa na mawimbi kando ya pwani, hakuna wa kuufukia. Anamwomba rafiki yake Enea, ambaye ni mzima na anapita kuzimu kwa ruhusa, amshike mkono wavuke pamoja. Anakataliwa. Anaahidiwa jambo moja tu: watu wa nchi ile watamjengea kaburi, na pahali pale pataitwa kwa jina lake. Na kweli, kusini mwa Italia kuna rasi inayoitwa Palinuro mpaka leo.

Mimi naona sehemu hii ndiyo moyo wa hadithi yote, na mtu wa Ziwa Tanganyika anaielewa haraka kuliko profesa wa Ulaya. Mwezi wa 12 mwaka 2014, boti Mutambala iliyotoka Kalemie ikielekea Uvira ilizama, na watu zaidi ya 100 walikufa. Katika ajali za ziwa letu, kuna miili inayopatikana na kuna miili ambayo haipatikani. Tena kuna wale wa vita vya 1996 na vya 1998, waliokufa porini ao njiani kuelekea ng'ambo, ambao familia zao zilifanya kilio bila kaburi. Jamaa za hapa zinajua namna kilio cha hivyo kinavyokataa kumalizika. Wagiriki na Waroma walilijua jambo hilohilo, wakalitungia hadithi: marehemu anayengoja kando ya maji, na mwenye boti anayesema hapana.

Virgili anaongeza jambo dogo ambalo linanifanya niamini alipanda boti nyingi maishani. Enea anapopanda, boti ya Charon inalia kwa uzito wake na maji yanaingia kupitia nyufa, maana ilizoea roho, ambazo hazina kilo. Boti kuukuu, yenye viraka, iliyozidishwa uzito: hatuhitaji kwenda kuzimu kuiona.

Foto zilizosemekana ni mbovu

Sasa tupande juu. Pluto yenyewe iligunduliwa tarehe 18 mwezi wa 2 mwaka 1930 na kijana wa Marekani, Clyde Tombaugh, mtoto wa mkulima, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha Lowell kule Arizona. Jina lilipendekezwa na msichana wa miaka 11 wa Uingereza, Venetia Burney. Pluto ni jina la mfalme wa kuzimu, lakini kwa Kigiriki maana yake ya ndani ni «mwenye mali», kwa sababu nafaka na madini vyote vinatoka chini ya udongo, katika milki yake. Watu wa Lulimba, jirani wa machimbo ya dhahabu ya Misisi, wanajua vizuri kwamba mali ya chini na kaburi vinaweza kukaa katika shimo moja.

Kwa miaka 48 hakuna aliyejua kwamba Pluto ina mwezi. Mwezi wa 6 mwaka 1978, James Christy, mtaalamu wa nyota wa jeshi la majini la Marekani kule Washington, alikuwa akipima foto za Pluto ili kujua vizuri njia yake. Foto zenyewe zilikwisha kuwekewa alama kwamba ni mbovu: doa la Pluto halikuwa duara, lilivimba upande mmoja. Mtu mwingine angezitupa. Christy aliangalia nyota nyingine ndani ya foto zilezile, akaona ziko duara sawasawa. Basi shida haikuwa chombo. Alipolinganisha foto za siku mbalimbali, akakuta ule uvimbe unahama kutoka upande huu mpaka ule, na unarudi pahali pake kila baada ya siku 6 na saa 9 hivi. Tarehe 22 alikuwa na hakika: kitu kinaizunguka Pluto.

Mke wake aliitwa Charlene, na nyumbani walimwita Char. Christy alitaka mwezi uchukue jina la mke, akaongeza «on» mwishoni kama katika maneno ya sayansi, protoni na elektroni. Wenzake walipendelea Persefone, mke wa mfalme wa kuzimu. Alipofungua kamusi kutafuta kama «Charon» ni neno lenye maana yoyote, akakuta ni mzee wa boti, mtumishi wa ufalme wa Pluto! Bahati ya namna hiyo haimpati mtu mara mbili. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa nyota kilitangaza jina hilo rasmi mwanzoni mwa mwaka 1986. Ndiyo maana wengine, hasa katika timu ya Wamarekani, wanalitamka «Sharoni», kwa heshima ya mama yule, na wengine «Karoni», kwa heshima ya Wagiriki.

Baadaye miezi mingine 4 midogo ilionekana, yote ikapewa majina ya kuzimu: Nix, Hydra, Kerberos na Styx. Kwa hiyo mwenye boti sasa ana mto wake karibu.

Mwaka 2006, wakati wataalamu walipokutana Prague kuamua sayari ni nini, pendekezo la kwanza lilikuwa kuifanya hata Charon iitwe sayari. Pendekezo likaanguka, na tarehe 24 mwezi wa 8 Pluto nayo ikaondolewa katika orodha ya sayari kubwa. Kelele za siku ile hazijaisha mpaka leo, lakini hazigeuzi kitu juu ya mwezi wetu.

Ufa wenye urefu wa ziwa

Charon si mwezi kama mwezi wetu. Mwezi wetu ni mdogo mbele ya dunia. Charon ni nusu ya upana wa Pluto, ambayo ina kilomita 2.377. Vinatengana kwa kilomita 19.600 hivi, ambayo si kitu katika anga. Kwa sababu Charon ni mzito hivyo, haizunguki Pluto kama mtumwa. Vyote viwili vinazunguka nukta moja iliyo katikati yao, nje ya mwili wa Pluto, kama watoto wawili walioshikana mikono na kuzunguka, mmoja mnene, mmoja mwembamba.

Tena vinatazamana uso kwa uso, siku zote. Charon haiamki wala haizami katika mbingu ya Pluto. Kama vile mtu wa Baraka anavyoiona Ubwari mbele yake kila asubuhi, pahali palepale, ndivyo mtu aliyesimama upande mmoja wa Pluto angeiona Charon, pana mara 7 kuliko mwezi wetu, bila kusogea hata kidogo. Na aliyesimama upande wa pili asingeiona maisha yake yote.

Uso wake ni barafu ya maji, ngumu kama jiwe, maana baridi kule inafika karibu digri 220 chini ya sifuri. Hakuna hewa. Nguvu ya kuvuta ni ndogo mno: mfuko wa kilo 50 wa unga wa mihogo ungeubeba kwa mkono mmoja kama kilo 1 na nusu. Darubini ya Webb imeonyesha, katika utafiti uliotolewa mwaka 2024, kwamba juu ya barafu hiyo kuna pia gesi kaboniki iliyoganda, na ile dawa ambayo manesi wanatumia kusafisha vidonda, peroksidi ya hidrojeni.

Kwenye ncha ya kaskazini kuna doa kubwa jekundu. Wataalamu wanalieleza hivi: gesi ya metani inatoroka Pluto, kidogo inafika Charon, na katika usiku wa ncha ile, ambao unadumu zaidi ya miaka 100, inaganda. Mwanga mkali wa angani unaipiga, inageuka kitu kama lami nyekundu. Ni kama masizi ya jiko yanayopanda na kushika miti ya paa: moto unawaka chini, weusi unakaa juu. Pluto ndiyo inapika, Charon ndiyo inachafuka.

Lakini kitu ambacho mkaaji wa Fizi angependa kukiona ni nyufa. Katikati ya Charon kuna mshipi wa mabonde na magenge unaokata mwezi kutoka upande mmoja mpaka mwingine. Pembeni kuna bonde jingine linaloitwa Argo, lenye urefu wa kilomita 700 hivi na kina kinachokisiwa kufika kilomita 9. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 673. Yaani ukilichukua ziwa letu lote, kutoka Bujumbura mpaka Mpulungu, ukalilaza ndani ya Argo, lingeenea na nafasi ikabaki. Kina cha maji yetu, mita 1.470, ni cha pili duniani, lakini mbele ya bonde lile ni kidogo.

Na mabonde haya mawili ni ndugu kwa namna fulani, kwa maana yote mawili yalitokea pale ambapo ganda la nje lilipasuka na kuvutwa. Sababu zao si moja. Hapa kwetu, bara la Afrika linavutwa pande mbili polepole sana, na bonde likashuka katikati, maji yakalijaza kwa mamilioni ya miaka. Kule, wataalamu wanaamini kwamba Charon zamani ilikuwa na bahari chini ya barafu. Ilipopoa, bahari ikaganda, na maji yakiganda yanavimba. Aliyesahau chupa ya maji iliyojaa ndani ya frigo ya kugandisha anajua matokeo. Charon ni chupa ile, yenye upana wa kilomita 1.212. Upande wa kusini inaonekana matope ya barafu yalitoka kwenye nyufa yakafunika nchi, ndiyo maana kule ni tambarare, wakati kaskazini ni milima na makorongo.

Namna Charon ilivyozaliwa bado ni mazungumzo. Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba kitu kikubwa kiligonga Pluto, vipande vikakusanyika. Mwezi wa 1 mwaka 2025 kikundi cha watafiti kilitoa hesabu nyingine: Pluto na Charon ziligongana, zikashikana, zikazunguka pamoja kwa saa nyingi kama kitu kimoja, halafu zikaachana kila moja ikiwa nzima, lakini bila kwenda mbali. Mimi nimependa hesabu hii, ingawa hesabu haipimwi kwa kupendwa.

Sarafu mbili na majivu

Haya yote tunayajua hasa kwa sababu ya chombo kimoja, New Horizons, kilichorushwa tarehe 19 mwezi wa 1 mwaka 2006. Kilisafiri miaka 9 na nusu. Tarehe 14 mwezi wa 7 mwaka 2015 kilipita karibu na Pluto, kwa kilomita 12.500, na Charon kwa kilomita 28.800 hivi, kwa mwendo wa kilomita 14 kila sekunde. Hakikuweza kusimama. Kazi yote ya kuona kwa karibu ilikuwa ya masaa tu. (Huku kwetu mwaka huo ulikuwa mwaka wa wakimbizi wa Burundi na kambi ya Lusenda kufunguliwa, ni wachache waliokuwa na nafasi ya kufuata habari za Pluto.)

Habari zilichukua saa 4 na nusu kufika duniani, ingawa zinakwenda kwa mwendo wa mwanga. Na rezo ilikuwa dhaifu kuliko ile ya Lulimba siku ya mvua. Foto zilishuka kidogo kidogo, na za mwisho zilifika mwezi wa 10 mwaka 2016, miezi 15 baada ya chombo kupita.

Baada ya hapo pahali pa Charon palipewa majina, na mwaka 2018 majina ya kwanza yakakubaliwa rasmi. Kwa sababu mwezi wenyewe ni mwenye boti, ilikubaliwa majina yahusu safari, vyombo na wasafiri wa hadithi. Argo ni meli ya Wagiriki waliokwenda kutafuta ngozi ya dhahabu. Mandjet ni boti ya Wamisri wa zamani, ambayo mungu wa jua aliipanda kuvuka mbingu mchana. Caleuche ni meli ya mizimu ya kisiwa kimoja cha Chile, ambayo watu wa pale wanasema inazunguka usiku ikikusanya waliozama baharini. Tazama tofauti: watu wa kisiwa kile walipokosa miili ya wavuvi wao, walitunga meli inayowapokea, si mwenye boti anayewakataa. Kuna pia kreta ya Nasreddin, yule mjanja wa hadithi za nchi za Waislamu, ambaye msomaji wa Kiswahili atamfananisha mara moja na Abunuwasi. Na juu ya Pluto yenyewe milima mikubwa imepewa jina la al-Idrisi, mwandishi wa ramani wa karne ya 12 ambaye katika kitabu chake aliandika pia habari za pwani ya Afrika ya Mashariki. Kutoka bonde la Kongo, hakuna jina hata moja katika orodha ya kwanza ya Charon. Nafasi bado ipo, maana kreta nyingi hazijapewa jina.

Ndani ya New Horizons kuna mzigo ambao hauhusu sayansi. Clyde Tombaugh, yule mtoto wa mkulima aliyeigundua Pluto, alikufa mwezi wa 1 mwaka 1997, akiwa na miaka 90. Mwili wake ulichomwa, na majivu yake kidogo, gramu 28 hivi, yaliwekwa ndani ya kopo dogo na kufungwa kwenye chombo. Ndani ya chombo hichohicho ziliwekwa pia sarafu 2 za Marekani, kila moja ya senti 25: moja ya jimbo la Florida, ambako chombo kilirushwa, nyingine ya jimbo la Maryland, ambako kilitengenezwa. Basi marehemu akapita mbele ya Charon na sarafu 2, hesabu ileile ya oboli 2 ambayo Aristophanes alimdaisha Dionizo.

Hakushuka. Chombo kiliendelea mbele, mwaka 2019 kikapita kitu kingine cha barafu kinachoitwa Arrokoth, na sasa kiko zaidi ya kilomita bilioni 9 kutoka hapa. Hakitarudi, na njia yake inakitoa kabisa nje ya himaya ya jua letu. Sarafu bado zimo ndani.

Anayetaka kujua kwa upande gani Charon iko, atazame juu mwishoni mwa mwezi wa 7 saa sita usiku, ao mwishoni mwa mwezi wa 8 saa nne usiku. Miaka hii Pluto iko upande wa kundi la nyota la Mbuzi, ambalo wakati huo linasimama juu sana kwetu Fizi, limeinama kidogo kuelekea kusini, upande wa Kalemie. Kwa macho hutaona kitu, wala kwa jumeli. Hata darubini nzuri inaonyesha Pluto kama nukta tu, na Charon imejificha ndani ya nukta hiyo. Kati ya 1985 na 1990, Pluto na Charon zilikuwa zikipishana na kufunikana, zikionekana kutoka duniani, na hapo ndipo shaka ya mwisho juu ya foto za Christy iliondoka. Msimu mwingine wa kufunikana utakuja baada ya mwaka 2100.